Kitu Kisichorushika

Jumamosi, 1 Machi

Naitwa Kija. Mkono unauma. Basi kwa leo.

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimepewa na Dorcas, yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini. Kasema niandike kila siku kwa mkono wa kulia, hata mstari mmoja, vidole visisahau kazi. Mstari ndio huu.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Sikumwamkia.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sikumwamkia. Alisimama mlangoni kwangu akakohoa, anangoja. Angoje.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Leo vidole vimekubali, ngoja niseme yote kabla havijabadili mawazo.

Nisiyemwamkia ni Prudencia, mama wa mume wangu. Tunaishi nyumba moja hapa Pasiansi, mimi na yeye tu, kwa sababu mwanaye yuko gerezani. Mwanaye ni Muganyizi, fundi wa kuchomelea, kifua kama kabati. Vyuma vyake vya mazoezi alivitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya malori: dambeli nne na mtaimbo mmoja wa kunyanyua. Vilikaa sebuleni kama wageni waheshimiwa. Nilikuwa nadeki kwa kuvizunguka, maana niliambiwa wiki ya kwanza ya ndoa kwamba nisiviguse. Tarehe 14 Novemba nilichelewa zamu kiwandani, kule ninakokata minofu ya sangara, nikaisogeza dambeli moja kwa mguu ili nipitishe tambara. Kwa mguu, jamani! Sikuishika hata kwa kidole. Akaiokota, akanirushia.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Mfupa wa juu, kati ya bega na kiwiko. Uliunga upande, Januari wakauvunja upya ili uunge sawa. Kwa hiyo nimevunjwa mara mbili, mara moja na mume, mara moja na daktari, na daktari aliniomba radhi.

Mahakamani, Ngosha fundi baiskeli wa hapo kona alisema alichokiona kupitia dirishani. Kisha Prudencia akasimama, akaapa kwa Biblia, akasema chuma kilimteleza mwanaye mkononi. Kilimteleza! Kikaruka hatua tano, kikapita juu ya meza, kikanitafuta mimi. Kwa maneno yake hayo Muganyizi akapata miezi sita tu. Anatoka tarehe 30 Mei. Tangu siku ile ya mahakama yule bibi hajasikia shikamoo yangu. Anaweza kukohoa mpaka mapafu yatoke.

Dada yangu wa Buswelu anasema nihame, niende kwake. Thubutu! Matofali ya nyumba hii nimeyabeba mimi kichwani, nikiwa na mimba. Mimba ikatoka, matofali yakabaki. Sihami. Ninachotaka ni kimoja: tarehe 30 Mei mkono huu uwe na nguvu kiasi kwamba akinishika, nisishikike.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Dorcas. Anasema mfupa umeunga, sasa nyama ndiyo imelala. "Mkono hauponi kwa kuhurumiwa, dada Kija. Unahitaji kitu cha kushindana nacho." Akanipa dambeli ya kilo moja, ya rangi ya waridi, kadogo kama ka mtoto kuchezea. Nikaishika. Nikatapika kwenye ndoo yake ya taka.

Aliniosha uso mwenyewe. Akasema chuma si lazima. "Tafuta kitu kingine chochote kinachokukatalia ukikivuta au ukikiinua. Ila ugumu uongezeke kidogo kidogo, na kisiwe cha kukukurupusha."

Jumatatu, 10 Machi

Nimejiwekea sharti ambalo Dorcas halijui. Kitu chochote kitakachoingia humu ndani kwa ajili ya mkono wangu, kwanza nakirusha ukutani kwa mkono wa kushoto. Kikiumiza ukuta, hakifai.

Nimeanza na dumu la maji la lita tatu. Kwa mazoezi si baya, unaongeza maji kadiri unavyopata nguvu, lakini maji yanacheza mle ndani na mkono mbovu hauna uwezo wa kufuatana nayo. Nikalirusha. Lilipasuka, plasta ikamenyeka ukubwa wa sahani. Prudencia akaja mbio, Kihaya kikimtoka.

"Waitu, Kija, unabomoa nyumba?"

"Ni nyumba yangu."

Jumanne, 11 Machi

Mchanga, kilo mbili, kwenye mguu wa suruali ya jinzi ya Muganyizi. Niliikata suruali kwa raha zangu. Unashikika vizuri, hauchezi. Nikaurusha. Ukuta ulitikisika, picha ya harusi ikaanguka, kioo chote chini. Haufai. Picha sikuirudisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda mjini, duka la vifaa vya michezo. Muuzaji kanionyesha springi za kifua, zile za kutanua kwa mikono miwili. Nikamwambia nina swali moja tu, mtu akinirushia hii itanifanya nini? Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha. Springi ni chuma kilichojikunja, nikazirudisha. Akatoa mikanda ya kuning'iniza mlangoni, unajivuta kwa uzito wa mwili wako. Nikampigia Dorcas, akasema mfupa wa miezi miwili usiubebeshe mwili mzima, labda Juni. Mwishoni akafungua pakiti ya mipira ya kuvuta, bapa kama mikanda, wa njano laini, wa kijani wa kati, mweusi mgumu. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Lakini bei yake ni ya watu wenye mikono yote miwili.

Nilimsimulia Ngosha niliporudi. Akapangusa vidole vyake vyeusi. "Kija, unautafuta mpira dukani, wakati Mwaloni pale sokoni wanafungia magunia ya dagaa kwa mipira kila siku ya Mungu?"

Ijumaa, 14 Machi

Ngosha katoka Mwaloni, kule Kirumba, na mipira mitatu iliyochanwa kwenye tyubu: wa baiskeli, wa pikipiki na wa lori. Imefunga magunia mpaka inanuka dagaa tupu. Nimeifua mara tatu. Kisha nikaurusha ule wa lori ukutani kwa nguvu zangu zote. Ukaanguka chini, pwa, kama nguo iliyolowa. Nikaurusha tena. Pwa. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta, kitu kisichorushika. Ukikiacha kimelala hakina ubaya. Ubaya wake ni ule unaoutia mwenyewe kwa kukivuta.

Jumamosi, 15 Machi

Ngosha kaufunga wa baiskeli kwa waya kwenye nondo za geti la mlango wa mbele. Nasimama nikitazama geti, kiwiko ubavuni, navuta kuja kifuani, naachia polepole. Mara kumi. Nilitokwa na jasho mpaka machoni.

Jumapili, 16 Machi

Kumi. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Kumi na mbili. Sikumwamkia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemfuma.

Alikuwa amepiga magoti chumbani kwake, vyuma vya Muganyizi vimepangwa juu ya gunia, na yeye ana kopo la mafuta ya sangara na pamba, anavipaka. Kimoja kimoja, kama anampaka mtoto aliyetoka kuoga. Dambeli zilikuwa tatu. Ya nne polisi waliichukua kuwa kidhibiti.

"Unamng'arishia silaha?"

"Chuma kikiachwa kinaliwa na kutu, Kija. Kitu cha mtu kinatunzwa."

"Na mimi je? Mimi ni kitu cha nani?"

Nililipiga teke lile kopo. Mafuta yakaruka hadi kwenye shuka lake. Nilitaka kumpiga teke na yeye, nasema kweli, mguu ulikuwa tayari. Yeye akalisimamisha kopo. Akaanza kuyafuta kwa kanga yake.

Jumamosi, 22 Machi

Ishirini. Nilipokuwa navuta alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Nani kamwomba?

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeporomosha mawe kule mlimani. Kuku wawili wa jirani wamekufa. Thelathini.

Jumanne, 1 Aprili

Thelathini na tano. Anahesabu tu. Nikikosea yeye hakosei.

Jumamosi, 5 Aprili

Dorcas kaniruhusu kuhamia mpira wa pikipiki. Nao una tabia yake, unakubali mwanzo, unakataa mwisho. Nimevuta mara nane, kila moja nikiona uso wa Muganyizi pale kwenye geti. Ya nane nilipiga kelele. Ngosha alikuja mbio na spana mkononi, akidhani ametoroka gerezani.

Jumatano, 9 Aprili

Kumi na tano. Mpira unateleza kidogo mkononi. Labda jasho.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa na pamba mdomoni.

Asubuhi nilivuta mara kumi na saba. Ya kumi na nane mpira ukakatika pale kwenye waya, ukanirudia usoni. Nilidhani nimepigwa risasi. Mdomo wa juu umepasuka, jino moja linacheza, shavu limevimba hadi jicho limefunga. Nilipookota kile kipande kilikuwa laini, kinanata, kimejaa nyufa ndogo ndogo. Nikakinusa. Mafuta ya sangara.

Nikajua. Nikasema ndani yangu, huyu bibi ananiua polepole. Alimtetea mwanaye mahakamani, sasa anamwandalia mke asiye na mkono wala uso.

Alikuwa jikoni. Nilimshika kanga kifuani kwa mkono wa kulia, huu huu, nikamsukuma ukutani. Sufuria ya uji ikamwagika miguuni kwetu. Nikanyanyua wa kushoto ili nimpige. Damu yangu ilikuwa inamdondokea kwenye blauzi.

Akafanya kitu. Alikunja shingo, akaleta kiganja chake cha kushoto haraka, akafunika sikio la kushoto. La kulia akaliacha wazi. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mahali pengine kabisa, nyuma yangu, mbali.

Mimi najua mtu anavyojikinga mahali palipowahi kuumizwa. Mtu akipiga mlango humu ndani, mkono wangu wa kushoto unakimbilia wa kulia kabla sijafikiri. Nikaushusha mkono.

"Nani?" nikamuuliza.

Hakusikia. Nikahamia upande wake wa kulia, nikauliza tena.

"Baba yake Muganyizi," akasema. "Kwa mti wa kupondea ndizi. Mwaka wa sitini na tisa. Tangu hapo upande huu ni kimya."

Miaka saba nimeishi na huyu mwanamke. Miaka saba nimekuwa nikisema anajifanya hasikii.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Ngosha amekiangalia kile kipande. Kasema mpira na mafuta ni maadui wakubwa, mafuta yanaukata mpira kutoka ndani, na ukiuvuta ukiwa umeoza unarudi na hasira zote. Akauliza nani mjinga aliyeupaka.

Prudencia akasema ni yeye. Kwao Muleba baba yake alikuwa mpiga ngoma, na ngozi ya ngoma isipopakwa mafuta inakauka inapasuka. Aliona mipira inapigwa jua pale getini akaogopa itapasuka mikononi mwangu. Kwa hiyo akawa anaipaka, wa pikipiki na wa lori, kila Jumamosi nikienda hospitali. "Nilitaka ikae muda mrefu," akasema.

Nilicheka, mdomo ukapasuka upya. Aisee.

Ngosha alipoondoka, Prudencia akaniambia lingine, bila kuulizwa. Chuma hakikuteleza. Alikiona kikitoka mkononi. "Niliapa uongo kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Alikuwa anatuona, mimi na baba yake. Nilikuwa nikimwambia, nyamaza mwanangu, baba amechoka na kazi. Kila siku baba amechoka na kazi."

Nilimwita mama. Shikamoo bado imekwama kooni. Sijui kwa nini, inakataa tu.

Jumatano, 16 Aprili

Ngosha ameniletea mpira mpya wa pikipiki na mwingine wa lori, misafi, haijawahi kuliona gunia. Ule wa lori wa zamani nikasema utupwe. Mama akauchukua.

Pasaka, 20 Aprili

Jogoo. Ngosha alitaka kumchinja, nikamwambia akae. Mkono wa kulia, kisu cha kiwandani, mara moja tu. Kichwa kikabaki mkononi kinafumba macho. Mama alisema, "Eh!" Tulikula tukashiba.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, hakuna kazi, mvua kubwa. Mama aligonga mlango wangu. "Njoo tuvitoe," akasema.

Tulivitoa vyuma chini ya kitanda chake. Sikutapika. Mtaimbo tuliushika huku na huku, dambeli nilizibeba mimi moja moja, mkono wa kulia. Tukapita uani tumelowa chapachapa, tukavitumbukiza kwenye shimo la choo. Kila kimoja kilichelewa kidogo, kisha kikalia kule chini. Mtaimbo ulikataa kuingia, ukakwama, mama akaupiga kisigino akitukana Kihaya. Ukazama.

"Atatuua," nikasema.

"Atakuja akiwa amechoka na kazi," akasema mama, akaenda kunawa.

Jumamosi, 3 Mei

Wa lori, mara tano. Huu si mpira, huu ni ng'ombe.

Alhamisi, 8 Mei

Kumi na mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Amekuja mtu anaitwa Josephat. Ametoka gerezani Jumatano, alilala kitanda cha juu, Muganyizi cha chini. Kijana mpole, alitutazama sisi wawili kama anatusikitikia. Ujumbe ni huu: vyuma avikute vinang'aa, na mke amkute nyumbani. Na akasema mke ajue kwamba safari hii hatarusha kitu. "Kasema atatumia mikono tu, ili asiwepo wa kusema kitu kimeteleza. Samahani mama, ndivyo alivyosema."

Mama alimpa chai. Josephat alipoondoka, mama akabaki ameshika kikombe chake bila kunywa.

Nilivuta ishirini. Kisha nikavuta kumi nyingine. Kisha nikalia.

Jumapili, 11 Mei

Dada wa Buswelu kapiga simu mara tatu. Nimemwambia mama, wewe ondoka basi, nenda Muleba, hili langu. Akanijibu, "Mtoto ni wangu."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imeanza kupungua. Mama anazeeka vibaya. Nimemkuta nyuma ya jiko ameukalia ule mpira wa lori wa zamani, anaupaka mafuta ya sangara. Anaukanda kwa dole gumba, inchi kwa inchi. Nikamwambia mama, si ulisikia Ngosha alivyosema? Akasema amesikia. Basi unaupaka wa nini? "Huu si wako. Wako upo getini. Huu niachie." Nikamwachia. Mtu akiwa na mawazo mikono inataka kazi.

Ijumaa, 23 Mei

Bado anaupaka. Unanuka hadi sebuleni.

Jumamosi, 24 Mei

Dorcas kanipima kwa kile kifaa chake cha kubana. Mkono wa kulia umeupita wa kushoto. Akapima tena, hakuamini. Akaniuliza nimetumia nini, nikamwambia, mipira ya dagaa na hasira.

Alhamisi, 29 Mei

Mama kaniambia nitoe mpira wangu getini, niufiche chini ya godoro. Nikajua anaogopa Muganyizi asije akaukata. Nikautoa. Kesho.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuja. Tulikaa mchana kutwa, tumevaa viatu.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika yote yalivyokuwa, kwa mpangilio wake.

Alikuja saa nne asubuhi. Amekonda usoni lakini mabega ni yale yale. Alimwamkia mama yake, akapiga goti kabisa, "Shikamoo mama." Mama akasema marahaba. Mimi hakunitazama. Akatazama pale sebuleni vilipokuwa vikikaa.

"Vyuma vyangu?"

"Viko chooni," nikasema.

"Chooni wapi?"

"Ndani ya shimo. Kavichukue."

Kofi la kwanza sikuliona. Nilijikuta nimepiga magoti, sikio linaimba. Akanivuta nywele, akanisimamisha. "Nimekula maharage ya wadudu miezi sita, narudi nakuta vyuma vyangu vimo kwenye mavi?" Teke likanipata pajani. Kisha akafanya nililojua atalifanya. Akaushika mkono wa kulia, pale pale, juu ya kiwiko, akaanza kuusokota.

Nilikunja kiwiko ubavuni nikavuta kuja kifuani. Mara moja. Alikuja na mkono wake, mwili mzima, miguu ikakosa pa kukanyaga, paji la uso likagonga ukingo wa meza. Damu ikamshuka kwenye nyusi. Akakaa chini akanitazama, na jamani, nitasema ukweli, nilifurahi. Nilimpiga ngumi ya pua kwa mkono ule ule, nikasikia kitu kimelia, nikataka kukisikia tena. Nikampiga tena. Nisingeacha. Ni yeye aliyenisukuma kwa miguu miwili tumboni nikaangukia kabati.

Aliposimama hakuwa na haraka tena. Alikuwa anatabasamu, meno yana damu. Nikajua sasa ndiyo mikono aliyoiahidi.

"Muganyizi," mama akasema. Alikuwa amesimama kando ya geti, mikono imekunjwa. "Unajua huyu kapata wapi nguvu? Hapa." Akaugusa mpira uliofungwa kwenye nondo. "Anauvuta huu kila asubuhi. Mara hamsini. Mwanamke mwenye mkono uliovunjwa."

Akautazama. Mweusi, mnene, unang'aa. "Mpira?"

"Mpira tu. Hebu nikuone na wewe. Au gerezani wamezila nguvu zako?"

Namjua mume wangu. Ukimwambia kitu ni kizito, ataacha chakula mezani aende kukiinua. Akajifuta pua, akaukamata kwa mikono miwili, akaukunja mara mbili kiganjani, akatazama geti. "Hiki ndicho kilichokupa kiburi, Kija? Tazama." Akaegemea nyuma.

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Mafuta ya sangara. Wangu ulikuwa chini ya godoro. Nikaona ule mpira unavyong'aa, nikaona waya umefungwa upya, si ufungaji wa Ngosha. Nikamtazama mama. Mama alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa na muda wa kusema acha. Neno ni fupi. Muganyizi alikuwa ameuvuta hadi kidevuni, mishipa ya shingo imesimama, anacheka. Sikulisema.

"Vuta, mwanangu," mama akasema. "Vuta kwa nguvu zako zote."

Ulilia kama bunduki. Ulikatikia kwenye nondo, ukaja na waya wake. Alianguka chali bila kujikinga, kisogo kikagonga sakafu, na mikono yote miwili ikaenda kwenye jicho la kulia. Katikati ya vidole vilitoka damu na kitu kingine cheupe. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanaume. "Mama! Mama! Mama!"

Mama akakaa chini sakafuni, akakichukua kichwa chake akakilaza mapajani. Akaanza kumwimbia kitu cha Kihaya, cha watoto, akimpapasa. Kanga yake ikawa nyekundu yote. Alikuwa analia mdomo wazi, na hakuacha kuimba.

Ngosha alikuja na toroli. Hospitalini wamesema jicho limekwenda, kichwa kitapona. Askari walikuja wawili. Ngosha akawaeleza aliyoyaona kutoka nje: jamaa kampiga mke, kisha kauvuta mpira mwenyewe, ukakatika. Ni kweli tupu. Wakamuuliza mama. Akasema, "Aliuvuta mwenyewe." Wakaandika, wakaenda. Watarudi kwa yale makofi, wamesema, akishapata nafuu.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna mvua. Nimeamka nimevimba kila mahali.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya beseni, ananawa mikono. Majivu, sabuni ya mche, kisha majivu tena. Kucha zimeanza kutoka damu. Harufu ya sangara haitoki kirahisi, sisi wa kiwandani tunajua.

"Nilitaka aanguke tu," akasema bila kugeuka. "Nilitaka aanguke, aumie, ajue. Jicho sikuliomba. Nimemzaa kwa siku mbili, Kija, nimemtoa jicho kwa mafuta ya kupikia."

Nilisimama nyuma yake. Nikasema, "Shikamoo mama."

Hakujibu. Nikadhani hataki. Kisha nikakumbuka nimesimama upande wa kushoto. Nikazunguka, nikapiga magoti kwenye matope, upande wa sikio lake linalosikia.

"Shikamoo mama."

"Leo usiniamkie," akasema. "Leo usiniamkie, mimi si mtu."

"Shikamoo mama."

Midomo yake ilijaribu mara mbili.

"Marahaba, mwanangu."

Nikaichukua sabuni, nikauvuta mkono wake kwenye beseni, nikaanza kuusugua.